Hongera Kabla ya Hukumu

Leo nimeaibika mahakamani, na sikutoka hata nje ya sebule yetu.

Wacha niwaambie mwenyewe, maana najua mtaisikia kwa wengine ikiwa imeongezwa chumvi. Haihitaji chumvi.

Kwa wasionijua vizuri, mimi ni Chebet, naishi na mzee wangu huku Kipkelion. Mama alishatutoka, ndugu zangu wako na miji yao, mimi nikabaki. Mchana niko ofisi ya kiwanda cha chai, jioni narudi kukamua. Mzee naye ana kesi. Ni kesi ya mpaka kati yake na mdogo wake wa tumbo moja, baba mdogo Joel. Katikati ya mashamba yao kuna safu za majani chai ambazo kila mmoja anasema ni zake. Hawajasalimiana tangu babu azikwe. Baba mdogo alipohamia Bomet kwa binti yake, akaacha shamba lake na mtu wa kuchuna, mzee hakuuliza kwa nini ameenda. Na hakuna aliyemwambia.

Kesi imeahirishwa mpaka sisi wenyewe tumezoea. Mara hakimu amehamishwa, mara wakili ni mgonjwa. Hatimaye ikafika zamu ya mzee kutoa ushahidi, na mzee akateleza kwenye mteremko akitoka kupeleka majani, akavunjika mguu. Amefungwa plasta mpaka juu ya goti. Wakili wetu, Bi. Chepkemoi, akaomba mahakama imsikilize kwa video akiwa nyumbani. Hakimu akakubali.

Siku yenyewe ilikuwa leo. Wakili alikuwa na kazi yake, mzee alikuwa na yake, na mimi nilikuwa na moja tu: kufungua laptop.

Laptop ni yangu, ya zamani, ilikuwa imechoka kiasi cha kutupwa. Aliyeifufua ni Otieno, yule anayesimamia kompyuta kule kiwandani kwetu. Alitoa mfumo uliokuwa ndani akaweka mwingine uitwao Linux, ikawa nyepesi. Siku aliyonirudishia alinionyesha kitu alichokiita stoo. Ni sehemu moja humo ndani ambapo programu zimewekwa zikiwa zimekaguliwa na kutiwa muhuri. Unaandika jina la unayotaka, inakuja. Akaniambia nikitaka kitu chochote nikitoe hapo, nisiende kuokota huko nje kwenye tovuti za watu. Nikasema sawa. (Mimi husema sawa kwa urahisi sana.)

Asubuhi kulikuwa na mvua ile ya kwetu isiyo na haraka. Ukungu umeshuka mpaka kwenye ua, huoni zizi. Nguo za jana zilikataa kukauka, nikazitandaza kwenye kamba ndani ya sebule, juu ya jiko. Mzee alikuwa ameamka kabla yangu. Alitaka kunyolewa ndevu. Alitaka shati jeupe, tai, na lile koti alilovaa tulipomzika mama. Suruali haikupita kwenye plasta, kwa hivyo kuanzia kiunoni kushuka alikuwa mtu wa blanketi. Akaniuliza kama hakimu ataona miguu. Nikamwambia kamera inaishia kifuani. Akasema basi ni sawa, na akanyoosha tai tena.

Nataka muelewe jinsi alivyokuwa ameketi. Mgongo umenyooka, Biblia kwenye paja, midomo ikienda polepole. Alikuwa anarudia maneno yake. Amekuwa akiyarudia tangu kesi ianze. Nimemsikia akiyasema akikata nyasi ya ng'ombe.

Mimi nikafungua stoo, kama nilivyoambiwa. Nikaandika jina la programu ya mikutano ambayo wakili alinitajia. Ikatokea kwenye orodha. Lakini nikaona toleo lililo humo ni la nyuma kidogo, na wakili alikuwa ameandika kwamba tuhakikishe tuna toleo jipya. Tena stoo ikanijulisha kwamba kabla ya kunipa chochote inataka kusasisha vitu vingine kwanza. Mvua ikinyesha, mtandao wa huku hutambaa. Nikautazama ule mstari wa kupakua, haukusonga. Nikampelekea mzee chai, nikarudi, mstari uko palepale.

Nikajisemea, kwani programu si ni programu?

Nikaingia intaneti, nikaandika jina lilelile. Cha kwanza kutokea kilikuwa tovuti maridadi, rangi zilezile, nembo ileile, na kitufe cha kijani kikubwa kama sahani, kimeandikwa toleo jipya kabisa, bure. (Kitufe kikubwa hivyo, ningekipitaje?) Nikabonyeza. Ikashuka kwa kasi ya ajabu, mvua haikuisumbua hata kidogo. Ikaniomba nywila ya laptop, nikaandika. Ikaniuliza kama naruhusu hiki, nikaruhusu. Na hiki je? Nikaruhusu. Ilikuwa inauliza kwa adabu sana, ningeona aibu kuikatalia.

Na programu ikafunguka. Mzee akajiona kwenye skrini, akashtuka kidogo, kisha akarekebisha kola. Mimi nikajiona mtaalamu. Nilikuwa hata nimeanza kupanga jinsi nitakavyomwambia Otieno kwamba stoo yake imejaa vitu vya kale.

Dakika chache baadaye kikajitokeza kisanduku pembeni, chini, kikisema kompyuta hii ni chafu na inahitaji kusafishwa haraka. Mzee akaniuliza kimeandikwa nini. Nikamwambia kinasema kompyuta ni chafu. Akatoa kitambaa mfukoni mwa koti akanipa. Na mimi, marafiki zangu, nikaipangusa ile skrini. Kisanduku kikaondoka. Nikafikiri tumemaliza.

Kwa kuwa masikio ya mzee yamepungua, nilikuwa nimeazima spika ya kwaya kanisani. Nikaichomeka, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Wakati ulipofika nikabonyeza link ya mkutano aliyotutumia wakili, na mahakama ikaingia sebuleni kwetu.

Hakimu alikuwa juu, mama mwenye miwani na sura ya mtu ambaye amesikia kila uongo wa wilaya hii. Karani kando yake. Mawakili, wetu na wa baba mdogo. Halafu watu wengine wengi kwenye visanduku vidogo, wanaosubiri kesi zao. Mmoja alikuwa shambani, nyuma yake unaona watu wakichuna. Na kwenye kisanduku kimoja, baba mdogo Joel. Alikuwa ameketi kwenye kochi huko Bomet, amevaa miwani na kofia ya sufu.

Mzee aliinama mbele mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. Nikamrudisha nyuma kwa bega kwa sababu hakimu alikuwa anaona paji la uso peke yake. Sikufikiria zaidi ya hapo. Nilikuwa nashughulika na waya.

Akaapishwa. Akainua Biblia juu sana, ikatoka nje ya kamera. Kisha Bi. Chepkemoi akamwomba aieleze mahakama anavyoujua huo mpaka.

Nimemsikia mzee akiongea maisha yangu yote, lakini sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Polepole, Kiswahili chake cha kanisani, bila kumtukana mtu. Alisema wakati huo yeye na Joel walikuwa wavulana. Alisema baba yao aliwaamsha asubuhi, akawapa kamba, akamwambia yeye asimame upande huu na Joel upande ule, kila mmoja ashike mwisho wake na asiachilie. Walisimama na kamba mpaka mikono ikafa ganzi. Baba yao akatembea katikati, akachagua mahali, akaweka jiwe. Kwenye skrini nzima hakuna aliyesogea. Hata yule wa shambani alikuwa amesimama tuli. Baba mdogo Joel alikuwa amevua miwani.

"Akatuita wote wawili kwenye lile jiwe," mzee akasema. "Akatuambia..."

"Hongera! Wewe ndiye mshindi wetu wa leo!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, changamfu, na nyuma yake vinanda na makofi. Kwenye spika ya kwaya. Kuku aliyekuwa analalia mayai kwenye kona alitoka mbio.

Hakimu akainua kichwa.

"Nani ameshinda?" akauliza.

Yule mwanamke ndiye aliyemjibu, akisema zawadi yetu inatusubiri, tubonyeze tu. Hakimu akasema, kwa sauti ya chini iliyoniumiza kuliko kelele, kwamba mahakama hii haijatoa uamuzi wowote na angependa kujua ni nani ameutoa.

Nikarukia laptop. Nikabonyeza alama ya kufunga, likafunguka tangazo lingine. Nikafunga hilo, yakaja mawili. Nikakumbuka nizime maiki. Nikabonyeza kitufe nilichodhani ni cha maiki. (Hakikuwa cha maiki. Kilikuwa cha kuonyesha mkutano wote kilichoko kwenye skrini yako.) Mahakama nzima ikaona tulichokuwa tunaona sisi: picha kubwa ya mama mmoja aliyependeza, ameegemea gari, na maandishi mekundu kando yake.

Mzee ana tabia ya kusoma kwa sauti kitu chochote kilicho mbele yake. Mabango, pakiti za dawa ya ng'ombe, kila kitu. Kabla sijamzuia alikuwa ameshaanza.

"Wajane walio karibu nawe wanataka kukujua," akasoma, kituo kwa kituo, kama anasoma somo la Jumapili. "Upweke umekwisha."

Yule wa shambani akazima kamera yake. Nilimwona mabega yakitetemeka kabla hajapotea.

Hakimu akamuuliza mzee kama hayo ni sehemu ya ushahidi wake. Mzee akasema hapana, Mheshimiwa, huyo mama hamjui, lakini amemsikia.

Sasa wakili wa upande wa pili, kijana mwembamba mwenye suti ya kubana, akasimama. Alisema hataki kumvunjia mzee heshima, lakini ni wazi kuna mtu mwingine ndani ya chumba kile anayemwambia shahidi kwamba ameshinda, na mahakama inapaswa kujua shahidi huyu anafundishwa na nani. Alisema neno lile, anafundishwa. Nikaona uso wa mzee ukibadilika. Mtu ambaye amehesabiwa mkweli maisha yake yote, akiambiwa anafundishwa la kusema kuhusu baba yake mwenyewe.

Hakimu akaamuru aliyemo chumbani ajitokeze.

Nilijitokeza. Nilikuwa nimevaa gambuti, leso kiunoni, sweta la kukamulia na kitambaa cha kichwa ambacho siwezi kukielezea hapa. Nikasema mimi ni binti yake, nashughulikia kompyuta.

"Unaishughulikia vipi?" akauliza hakimu.

Nikamwonyesha waya.

Akaniagiza nizungushe kamera, mahakama ione kama kuna mtu mwingine. Nikainua laptop nikaizungusha polepole. Mahakama ikaona kabati. Ikaona jiko. Ikaona kamba, na kwenye kamba suruali za ndani za mzee, zile ndefu za baridi, zimepangwa miguu chini. Ikaona mayai ya yule kuku. Mwishoni, nilipokuwa nairudisha mahali pake, ikaona mzee mzima, koti, tai, blanketi, na vidole vya mguu vikitokeza kwenye plasta. Alivivuta ndani, lakini walikuwa wameshaona. Tangazo lilikuwa bado linaimba.

Hakimu hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali. Alisema haamini mzee ana hila, lakini hawezi kuandika ushahidi uliotolewa hivi, kwa hivyo alichosema leo hakitahesabiwa. Mzee ataanza upya, mbele yake, akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Karani akatafuta nafasi. Nafasi iliyopatikana iko mbali, baada ya Krismasi na mbele zaidi. Bi. Chepkemoi alijaribu kuomba ya karibu, hakuna. Kisha karani akatutoa, na visanduku vyote vikazimika kwa pamoja.

Nikavuta waya wa spika. Nikafunga laptop. Halafu nikaifunika na mto wa kochi, sijui kwa nini.

Nilingoja mzee anigombeze. Nilikuwa tayari, hata nilikuwa nataka. Alikaa tu akitazama pale skrini ilipokuwa.

"Nilikuwa nimefika kwenye jiwe," akasema.

Akafungua tai mwenyewe. Akaniomba nimsaidie kutoa koti, tukalirudisha kwenye hanga. Nikamuuliza ni nini babu aliwaambia pale kwenye jiwe, angalau mimi nijue. Akatingisha kichwa. Alisema hayo aliyaweka ayaseme Joel akisikia.

Nikaenda kulia kwa ng'ombe. Ng'ombe hawana maswali.

Huko zizini nikampigia Otieno. Nikamweleza. Ninashuku aliweka mkono kwenye simu ili nisisikie akicheka. Aliporudi akaniuliza niliitoa wapi. Nikasema kwenye mtandao. Akasema stoo pia iko kwenye mtandao, mtandao wapi? Nikamtajia. Akaguna.

Nilijitetea. Nilimwambia zote si zinatoka kulekule? Zote zinashuka kwa bando langu lilelile. Na yake ilikuwa ya zamani.

Akanieleza, na safari hii nilisikiliza. Alisema kwenye stoo kuna watu ambao kazi yao ni kupokea programu kutoka kwa walioitengeneza, kuikagua na kuitia muhuri. Mtu akiichezea njiani, muhuri unavunjika na laptop inaikataa yenyewe, hata kama mimi nimekubali. Kwenye tovuti, muhuri ni macho yangu, na macho yangu yaliona kitufe cha kijani. Wale watu walichukua programu ya kweli, wakaipakia pamoja na matangazo yao, wakalipia wawe wa kwanza kwenye orodha. Ndiyo maana ilifanya kazi. Ingekataa kufunguka ningeshtuka. Na ile ya stoo haikuwa mbovu kwa kuwa ni ya nyuma kidogo. Ilikuwa imekaa kidogo ili kasoro zake zionekane na kuzibwa.

Nikamuuliza kwa hivyo stoo ni salama kabisa. Nilitaka aseme ndiyo, nione mahali pa kumshika. Akasema hapana. Alisema hata huko kumewahi kupenya vitu vibaya, kwa sababu wakaguzi ni binadamu, na wakati mwingine aliyeleta mzigo ndiye mwenyewe mbaya. Tena kuna programu nzuri ambazo huzipati stooni, lazima uende kwa mtengenezaji mwenyewe, na hapo unahakikisha ni kwake kweli. Lakini kikiingia kibaya stooni kuna watu wengi wanaokiangalia, kinagunduliwa, kinatolewa kwa wote. "Wewe ulikuwa peke yako," akasema. Hakusema kwa ubaya. Lakini nilikuwa nimesimama kwenye matope peke yangu, na ikanifikia.

Akaniambia nisiiwashe tena hiyo laptop, aje aifute yote. Nilipowapa wale watu nywila niliwapa ufunguo wa nyumba, kwa hivyo nibadilishe nywila za barua pepe na benki kwa simu, leo leo. Picha za mama zilikuwa humo. Nyingine ninazo kwenye simu. Nyingine sina. Atajaribu kuziokoa kabla hajafuta, alisema hawezi kuahidi.

Nilipokata simu nikakuta ujumbe wa Bi. Chepkemoi. Alinipa pole nyingi. Kisha akauliza, kwa upole, kwa nini sikuifungua tu ile link kwenye intaneti, kwa sababu haihitaji programu yoyote. Lile toleo jipya alilolitaja, aliwaandikia wote, ni kwa wale ambao tayari wana programu.

Haikuhitaji programu yoyote. Nimeusoma huo ujumbe mara kadhaa, haubadiliki.

Jioni nimewasha moto, nimepika, mzee hakula sana. Mvua ilikuwa imepungua, ukungu bado. Alikuwa ameketi na mguu kwenye stuli, na nilidhani anafikiria kesi.

"Ulimwona Joel?" akaniuliza.

Nikasema nilimwona.

"Amekonda," akasema.

Nikasema labda ni kamera. Akasema si kamera. Alisema Joel hajawahi kuvaa kofia ndani ya nyumba tangu azaliwe, mama yao alikuwa anawachapa kwa hilo. Akauliza kama ile mashine inaweza kumwonyesha tena, hata bila sauti. Nikamwambia haiwezi, mkutano umefungwa, na mashine yenyewe imeharibika. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anajua jibu.

Ndipo simu yangu ikalia. Ilikuwa ujumbe wa Chepngeno, binti wa baba mdogo. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja tukiwa watoto, na sasa tuna miaka bila neno. Aliandika kwamba baba yake anauliza kama ni kweli tumeshinda kitu. Halafu chini yake, ujumbe wa pili: anauliza pia mguu unaendeleaje, wakili wake alimwambia tu kwamba mzee hawezi kusafiri, hakujua ni mguu mpaka alipouona leo.

Nikamjibu kwamba hatujashinda chochote, tumepoteza laptop. Nikamuuliza kuhusu kofia. Kisha akaniambia. Amekuwa akimpeleka hospitali ya Longisa kwa matibabu tangu mwaka jana, nywele zimekwisha, chakula hakikai tumboni. Ndiyo sababu alihamia kwake. Aliwakataza wasituambie, kwa sababu ya kesi. Hakutaka ionekane anaomba huruma.

Nilimsomea mzee yote, mpaka mwisho. Alisikiliza akitazama moto. Nilidhani atasema neno kuhusu lile jiwe, au kuhusu kwenda Bomet. Aliuliza tu tarehe mpya ni lini, nikamwambia tena, akawa anahesabu kimya kwa vidole, na akaacha kabla hajamaliza.

"Mwambie mguu unapona," akasema.

Nikaandika. Chepngeno amesoma, hajajibu.

Mzee ameenda kulala mapema. Mimi niko hapa na simu, na karibu nguo zote zimekauka sasa hivi, wakati hakuna anayezitazama.

Basi ndiyo hivyo. Mnaotaka kucheka, chekeni moyoni. Kesi bado iko mahakamani.